Utelezi Uliokataa Kutoka

Kwa baba yangu, kitu kinachoteleza hakijaoshwa. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyojifunza, kabla ya kusoma, kabla hata ya kujua kusali vizuri. Alikuwa askari magereza, mtu wa kaskazini aliyeletwa Jinja na kazi, akabaki huko huko, mtaa wa Walukuba, baada ya kustaafu, na katika nyumba za askari vyombo vilikaguliwa kama bunduki. Tulisugua sahani kwa mchanga na majivu kwenye bomba la nje, tukazisuuza, tukazipanga kichanjani. Kisha yeye alipita, akachagua moja, akaiburuzia kidole gumba. Sahani ilitakiwa kulia: kwii. Ikinyamaza, ulirudi bombani na sahani zote, si ile moja tu.

"Nateleza," alisema, maana Kiswahili chake cha kambini hakikuwa na "inateleza". "Nateleza ni uchafu. Rudia."

Mimi nikakua, nikasoma kemia, na katika kazi zote za dunia nikachagua kutengeneza vitu vinavyoteleza.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozungumza nyumbani, baba wa kaskazini na mama Msoga wa hapo hapo Jinja, kila mmoja na lugha ambayo mwenzake hakuipata sawasawa. Mitaani nilijifunza kukificha, kwa maana huko kilijulikana kama lugha ya jeshi. Wako wazee ambao mpaka leo wakikisikia wanakumbuka wanajeshi mlangoni, na shuleni wenzangu waliniuliza kama kwetu tunapiga saluti kabla ya kula. Sasa nimechoka kuficha. Kemia niliisoma kwa Kiingereza, lakini kuhangaika nahangaika kwa Kiswahili, na kuhangaika ndiyo kazi inayonichukua saa nyingi zaidi.

Kabla sijamaliza chuo, baba alishindwa kukojoa. Tezi dume ilikuwa imevimba. Hospitalini walimwekea mpira wa mkojo akisubiri upasuaji, na upasuaji ukawa wa kusubiriwa sana. Tatizo la mpira ule lilikuwa kuziba. Ukiziba, mkojo hauna pa kwenda, na mtu anabaki na maumivu yasiyo na mkao wala usingizi. Nilimpeleka kwa boda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshikilia kiuno, na kila tuta la barabara alilipita akiwa ameuma ukanda wa kofia yake ya zamani ya kazi. Hakulia hata mara moja. Nilitamani alie, kwa sababu asipolia nilikuwa nawaza yaliyobaki ndani.

Mara moja muuguzi alipoutoa mpira ulioziba nilimwomba niuone. Alinishangaa, akanionyesha kwenye kisahani. Ndani ulikuwa na utando mzito wa rangi ya uji, na chini yake ugumu kama ule unaokaa kwenye birika. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na tangu siku hiyo sijaacha. Baba alipasuliwa hatimaye, akapona, mpira ukatolewa. Mwilini mwake ulitoka. Kichwani mwangu ulibaki.

Kinachotokea ni hiki. Mpira ukiingia mwilini, protini hufika kwanza. Zinajibandika juu yake, kama mtu anayetandika mkeka kabla ya wageni. Kisha wageni wenyewe, bakteria na seli, wanafika na kuketi juu ya mkeka, wanajenga, wanazaana, wanaziba njia. Ukitaka wageni wasikae, zuia mkeka usitandikwe. Zipo polima zinazoweza kufanya hivyo, minyororo mirefu inayopenda maji. Unaupaka mpira minyororo hiyo, na ukilowa inayakamata maji na kuyashikilia, mpaka juu ya mpira panakuwa na tabaka la maji lisiloondoka. Protini ikija inakuta maji tu, haipati pa kukaa, inapita. Kwa hiyo mpira wenye utando kama huo ukiushika ukiwa umelowa unakuponyoka kama kambare. Utelezi ule ndiyo kazi yenyewe.

Mipira ya namna hiyo ipo duniani, lakini wodi iliyomtibu baba haikuwa nayo. Nilipopata nafasi ya kujitolea katika maabara ya chuo kimoja Mbale, nilihamia chumba kidogo Nkoma na nikaomba kitu kimoja tu: meza. Nilipewa ile ya dirishani, inayoutazama mlima Wanale, na juu yake nikaanza kupaka vipande vya mpira wa silikoni, kila kimoja urefu wa kidole.

Watu walinionea huruma. Mjomba mmoja aliniambia polima ni mambo ya nchi zenye viwanda, kwa nini nisitengeneze sabuni. Wengine walisema hivyo hivyo kwa maneno ya adabu zaidi. Na kweli mradi wa sabuni ulikuwapo, nao ulikuwa unaitaka meza yangu, kwa sababu dirisha lingetoa mvuke nje. Kamati ya utafiti ya chuo ingekutana na kuamua: meza ibaki ya mipira au iwe ya sabuni. Sikuwa na meza nyingine, na bila meza sikuwa na kazi. Ningerudi Walukuba kukaa na shahada yangu kwenye bahasha. Mhadhiri aliyenisimamia, mwanamke Mgisu asiyependa maneno mengi ambaye sote tulimwita Madam, aliniambia, "Usiwapelekee hotuba. Wapelekee rangi."

Alimaanisha jaribio letu. Tulichukua damu ya ng'ombe kutoka machinjioni, tukaitia dawa isigande, tukaiacha itulie na kuchukua maji yake ya juu ya manjano, ambayo yamejaa protini. Vipande vililowekwa humo, vikasuuzwa, kisha vikatiwa rangi ya bluu inayong'ang'ania protini. Penye protini panakuwa bluu. Pasipo na kitu panabaki peupe. Vipande vyangu vilianza kutoka vyeupe, na niliviangalia sana mpaka Madam akasema macho yangu yataacha alama.

Basi ningetulia. Lakini mimi si mtu wa kutulia. Kabla ya kamati nilikuwa naenda nyumbani Jumamosi na Jumapili, na vipande vizuri vilikuwa kwenye maji, vimelowa, tayari. Nikawaza: je, mtu akivimwaga? Je, watu wa sabuni wakisogeza vitu vyangu kupima nafasi? Je, mfagiaji akidhani ni takataka? Na nikimwachia mtu ujumbe, je, hataona kwamba simwamini, halafu akavimwaga kwa hasira? Nikavitia vyote kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, nikalizungushia sweta, na njia nzima ya Tirinyi mpaka Jinja nikalipakata kama mtoto mgonjwa. Vipande vichache nilivyoviona vibaya, vilivyopakwa bila usawa, niliviacha kwenye droo.

Jumapili nilikwenda Mpumudde, mtaa mwingine wa Jinja, kumwona rafiki aliyejifungua. Kopo nililiacha jikoni, juu ya kabati, mahali salama kuliko pote.

Niliporudi, vipande vyangu vilikuwa vimeanikwa kwenye kamba ya nguo. Vilikuwa vimebanwa kwa vibanio, vimepangwa mstari mmoja kama wafungwa wanaohesabiwa. Baba alikuwa kwenye kigoda karibu na bomba, mikono bado ina mchanga, uso umejaa kuridhika.

"Umerudi? Kuja kuona," akasema. "Vitu yako ilikuwa nateleza kama samaki. Kopo yote! Hii chuo nafundisha watu kuosha namna gani?"

"Baba, umefanya nini?"

"Nimesugua. Moja moja. Mpaka nalia." Akachomoa kimoja kwenye kamba na kukiburuzia kidole gumba. Kwii.

Nilihisi sauti ile kwenye meno. "Ule utelezi ndiyo kazi yangu! Niliuweka mimi!"

"Umeweka uchafu wewe mwenyewe?"

"Si uchafu!"

"Kitu nateleza kwa maji ni nini kama si uchafu?"

"Na otigo je?" nikasema, kwa maana mboga ile ya kwao inateleza kuliko bamia. "Otigo inateleza, na unakula sahani mbili!"

"Otigo ni ya tumbo," akasema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha shinda kesi. "Sahani ya otigo mimi naosha mpaka nalia."

Mama alisimama mlangoni akijifuta mikono kwenye leso. "Nilimwambia asiguse. Akaniambia yeye ndiye afande wa vyombo."

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji na kueleza. Nilieleza vibaya, kwa kuruka-ruka, protini, mkeka, maji, kamati, meza. Baba alisikiliza akikung'uta mchanga vidoleni. Nilipofika kwenye mpira wa mkojo akainua kichwa.

"Ile mpira?"

"Ile."

Aliitazama kamba. Hakuomba radhi, sijawahi kumsikia akiomba radhi, na sidhani kwamba magereza waliwafundisha. "Ungeandika juu ya kopo," akasema, "usiguse."

"Ungetii?"

"Hapana."

Mama akacheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka. Nilikuwa tayari nimefika Mbale kichwani, nimesimama mbele ya kamati, ninafukuzwa, ninauza sabuni ya mtu mwingine kituo cha mabasi.

Madam alipoviona vipande alisema tuombe kamati iahirishe, tueleze kwamba vimeharibika. Ilikuwa njia ya busara. Nilikubali kwa kichwa, nikaenda kuketi kwenye meza yangu, nikawaza kuahirishwa, nikawaza maneno ya barua ya kuahirisha, nikawaza jinsi watakavyotazamana wakiisoma. Na katikati ya mawazo hayo nikakasirika. Sina hasira za mara kwa mara, kwa hiyo zikija sizijui vizuri, nadhani ni homa. Nikamwambia Madam, "Hapana. Kama wanataka kuhamisha meza, waihamishe wakiwa wameona."

Tukatia vyote kwenye jaribio: vile vibaya vya droo, ambavyo havikuguswa, na vile alivyovisugua baba. Vibaya vilitoka karibu vyeupe. Vya baba vilitoka bluu kama sare ya shule.

Katika kamati kulikuwa na daktari wa upasuaji, Mkenya aliyevuka mpaka miaka mingi iliyopita, mtu wa kuchekacheka ambaye Kiswahili chake hakikuwa na woga wowote. Nilieleza kila kitu, pamoja na bomba na kamba ya nguo. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kwa hivyo mzee amekumaliza, dada yangu."

"Amenionyesha kwamba utando unafanya kazi," nikasema. "Ulipotoka, bluu ikaingia."

"Sawa. Lakini nikuulize. Mgonjwa wangu yuko kitandani, mpira unatoka nje ya mwili. Mke wake anamsafisha asubuhi. Anashika mpira, anasikia kamasi. Atafanya nini?"

Niliviangalia vipande vya bluu mezani.

"Atasugua," akajijibu. "Na muuguzi akifungua pakiti akute kitu kinateleza, atasuuza na kupangusa kwanza. Sisi sote hapa tumelelewa na baba kama wako."

Mjumbe mwingine akasema hilo ni jepesi, watu watafundishwa kuacha. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hapo ndipo niliposikia sauti yangu ikisema, "Hapana."

Wakanitazama.

"Sitamfundisha mtu yeyote kuacha usafi," nikasema. "Wodi zetu zimesimama kwa sababu ya hao wanaosugua. Utando unaotolewa na mchanga ni utando mbaya. Kosa si la baba yangu. Kosa ni la utando. Nitautengeneza upya, usugulike bila kutoka."

Mwenyekiti aliandika kitu, akasema mitambo ya sabuni iko njiani. Meza ni yangu mpaka ifike. Nikiwa na cha kuonyesha kabla ya hapo, niwaite.

Kusema ni rahisi. Nilipaka utando mzito zaidi, ukabanduka vipande vipande. Niliukausha kwa joto kali, ukapasuka kama matope ya kiangazi. Nilileta mchanga maabara kwenye kopo la majarini na kusugua kila kipande mwenyewe, na kila kimoja kililia. Kwii. Kijana wa mradi wa sabuni alikuwa akipita na futi yake kupima urefu wa meza huku mimi nimeketi.

"Dada wa kamasi, habari? Mafua yamepona?"

"Hayaponi," nikamwambia. "Pima meza nyingine."

"Nyingine hazina dirisha."

"Basi utengeneze sabuni isiyotoa mvuke."

Alicheka, akapima hata hivyo. Nikiwa peke yangu nilihesabu njia zote ambazo ningeweza kuwa nimekosea, kuanzia uchaguzi wa polima mpaka kuzaliwa. Lakini sikuinuka. Kama nina ushupavu wowote, ni wa namna hiyo: siachi kuogopa, na siinuki.

Niliporudi Walukuba tena sikuwa na kopo. Nilikuwa nimekaa na baba nje, naye akiosha kikombe chake cha bati, kile cha maua mekundu ambacho amekunywea chai ya rangi tangu nikiwa mdogo. Aliosha vyombo vyake mwenyewe baada ya kustaafu. Hakuna aliyevifikisha kwenye kiwango chake. Alisugua ndani kwa mchanga, kisha kwa majivu, kisha kwa mchanga tena, akamwaga maji na kutazama. Ndani palikuwa pa kahawia kama kawaida, pete juu ya pete.

"Hii ndiyo mfungwa moja tu imenishinda," akasema. "Miaka yote. Mimi nasugua, yeye nakaa."

Nilimnyang'anya kikombe. Nilifanya hivyo bila heshima, na mama, aliyekuwa akichambua mboga, akaniita jina langu kwa ukali. Sikusikia. Nilikuwa nimetia kidole ndani ya kikombe kama mtu aliyepoteza kitu.

Kile kinachopaka vikombe rangi ya kahawia ni tanini ya majani ya chai. Inashika bati, inashika kioo, inashika plastiki na meno ya watu. Na ile polima yangu hushikana na tanini kwa nguvu. Nilikuwa nimelisoma hilo, nikalisahau katikati ya mambo mengine elfu niliyokuwa nikiyaogopa. Kumbe nilikuwa nikiweka minyororo juu ya silikoni moja kwa moja, na silikoni haishiki kitu. Ilihitaji kitu cha katikati, kinachoushika mpira kwa mkono mmoja na polima kwa mkono mwingine.

"Baba," nikasema, "usikioshe tena hiki kikombe."

"Eh! Sasa nyumba ni yako?"

Mbale nilianza na chai ya kawaida, nzito, bila maziwa, kisha nikatumia tanini safi ya stoo. Chai, suuza, polima, suuza, tena chai. Vipande vilitoka na rangi ya hudhurungi hafifu. Vilikuwa vinateleza. Sikuvisugua. Nilivitia kwenye kopo lile lile, lakini safari hii bila sweta, na nikavipeleka Jinja makusudi.

Nililiweka kopo miguuni pa baba, nikampa mchanga. "Afande, kuna uchafu hapa."

Alinitazama kwa upande. Alijua ni mtego, ila hakujua umetegwa wapi. Akachukua kipande, akakisikia kinateleza, na uso wake ukabadilika ukawa ule wa siku za ukaguzi. Akasugua. Akasuuza, akaburuza kidole gumba. Kimya. Akaongeza majivu, akasugua tena mpaka mishipa ikatokea mkononi. Akasuuza. Kimya. Mama alikuja kutazama. Jirani mmoja akasimama na jerikani yake.

Baba alikiinua kipande kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku.

"Imekataa," akasema.

"Sema tena."

"Imekataa kutoka! Hii uchafu yako ina kichwa ngumu." Kisha, polepole, akakiburuzia tena kidole, na safari hii hakuwa akikagua. "Kama ile yangu ilikuwa hivi..." Hakumaliza. Alikirudisha kwenye kopo, akafunga mfuniko mwenyewe, akauhakikisha.

Niliiita kamati kabla ya mitambo kufika. Mbele yao niliweka beseni, maji, vipande, na kopo la majarini lenye mchanga. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kufungulia, nimeyarudia tangu Nkoma, nimeyafuta na kuyaandika upya, na nilipofungua kinywa yote yalikuwa yameondoka. Likabaki moja.

"Sugueni," nikasema.

Wakatazamana. Daktari wa upasuaji akakunja mikono ya shati na kuanza. Alisugua kwa bidii ya mtu aliyelelewa vizuri, mchanga ukaruka mpaka kwenye karatasi za mwenyekiti.

"Huu mchanga umetoka wapi?" mwenyekiti akauliza akiupangusa.

"Walukuba."

"Bado kinateleza," daktari akasema. Akampa jirani yake, naye akasugua. Tukavitia kwenye maji ya damu, tukavitia rangi, tukasubiri, nami nikatazama Wanale ili nisiwatazame wao. Vilibaki na hudhurungi yao hafifu, bila bluu, isipokuwa ncha nilipovikata, ambazo zilishika rangi. Sikuzificha. Nilizionyesha kwa kidole.

"Na ndani ya mwili utadumu muda gani?" mwenyekiti akauliza. "Mwili si beseni."

Lilikuwa swali zuri, na lilikuwa ndilo nililoliogopa kuliko yote. "Sijui," nikasema. "Kuna chumvi za mkojo, kuna bakteria, kuna mambo ambayo hatujayajaribu. Utando huu hautaingia kwa mtu yeyote mpaka tuyajue. Siwezi kuyajua nikiwa nimesimama kwenye korido. Nahitaji meza."

Madam alikohoa; nadhani alikuwa akificha kicheko. Daktari alisema kwa wenzake, bila kunitazama, kwamba sabuni inaweza kutengenezwa hata karibu na mlango. Mwenyekiti alikung'uta mchanga wa mwisho kwenye karatasi zake. "Mlangoni, basi," akasema.

Nilimpigia baba nikiwa bado kwenye ngazi. Hakusalimu. "Meza?"

"Imebaki."

"Sawa." Nikamsikia akifunga bomba. "Sasa rudisha mchanga yangu."

Sikuurudisha. Kopo la majarini liko dirishani, kati ya chupa za tanini na za polima, na kijana wa sabuni, kutoka kule mlangoni kwake, huuliza kama napanga kujenga nyumba. Kila utando mpya ninaoutengeneza hupita humo kwanza. Ukilia, narudia.